Amri ya Kutoka Langoni

Mwalimu alichora mto kwa chaki ya bluu, milima kwa chaki ya kahawia, na katikati akaacha njia nyembamba. Mwisho wa njia, upande wa magharibi, akachora lango. Hilo, alisema, ni Lango la Tong, mwaka 756. Nyuma yake kulikuwa na mji mkuu wa China, mfalme na watu wake wote. Mbele yake walikuwa waasi, askari wa farasi waliolelewa mpakani kaskazini, ambako mtoto hukaa juu ya farasi kabla hajaweza kutembea vizuri.

Mzee Jairus alikuwa mstari wa mbele, tai shingoni, koti limefungwa vifungo vyote. Wenzake darasani walikuja na fulana na kofia za timu ya mpira. Yeye aliona kwamba mtu haendi shule kama anayekwenda kukamua ng'ombe. Kidato cha nne alikipata katika shule ya usiku huko Mwanza, akiwa karani wa reli na baba wa watoto wanne, na tangu hapo hakukubali kwamba masomo yana mwisho. Alipofika Minnesota kumsaidia binti yake, kitu cha kwanza alichouliza ni madarasa ya jioni. Palikuwa na nafasi katika kompyuta, katika ushonaji, na katika vita vya mipaka ya China ya kale. Maishani mwake hakuwahi kumgusa farasi. Akachagua vita.

"Silaha yao kubwa," mwalimu alisema, "ni kukimbia."

Akaeleza. Askari wa nyikani akikupa mgongo, usifurahi. Anakimbia ili umfuate. Ukimfuata, wenye farasi wazuri wako wanatangulia, wenye farasi wabovu wanabaki, na mstari wako unakatika vipandevipande. Yeye ana farasi wa pili na wa tatu wa kubadilisha, wewe unaye mmoja, naye anatoka povu. Hapo ndipo anageuka. Kwa hiyo jenerali mwenye akili hapimi ushujaa wake kwa kufukuza. Anakaa ndani ya ukuta, anapumzisha farasi, anamwacha adui ale majani yaliyopo mpaka yaishe.

Jenerali wa Lango la Tong alilijua hilo. Alikuwa mzee, amepooza nusu ya mwili, na alikuwa amepigana mpakani karibu umri wake wote. Alipeleka habari kwa mfalme: tusitoke, hawa wako mbali na kwao, watagombana wenyewe. Lakini mjini kwa mfalme ilikuwa imefika habari nyingine, kwamba adui ni wachache, wazee, wagonjwa. Ikatoka amri: tokeni mkapigane. Jenerali akakataa kwa adabu. Ikaja amri ya pili, na nyingine, mjumbe nyuma ya mjumbe.

"Akatoka?" mtu mmoja aliuliza.

"Vitabu vinasema alijipiga kifua akalia kwa sauti. Kisha akatoka."

Mwalimu akamaliza kwa chaki. Jeshi kubwa likajibana kwenye ile njia, mto huku, mlima huku. Waasi walionyesha mbele yao askari wachache wamekaa ovyo, hata watu wakawacheka. Halafu yakashuka magogo na mawe. Ukaja moshi wa majani yaliyowashwa, upepo ukiwapiga usoni askari wa mfalme, nao wakaimaliza mishale yote wakipiga moshi. Jioni wapanda farasi waliokuwa wamezunguka milima ya kusini wakatokea nyuma yao.

"Mzee Jairus," mwalimu akasema, "wewe ungefanya nini?"

"Ningekataa," alisema Jairus. "Aliyeko langoni ndiye anayeona."

"Majenerali wawili waliomtangulia walikatwa vichwa palepale langoni."

"Ningekataa," alirudia, na akakaa vizuri kwenye kiti.

Nyuma yake Aboud alicheka. Aboud alikuwa mtu wa Mombasa, mwenye duka la nyama na viungo, aliyejiandikisha darasani kwa sababu mkewe alitaka atoke nyumbani walau jioni moja kwa wiki. Ndiye aliyempa Jairus lifti, kwani huko Eden Prairie walikokaa mtu asiye na gari ni kama mtu asiye na miguu, na Jairus hakujua kuendesha.

"Mzee wangu, wewe wangekukata kichwa asubuhi kabla ya chai," Aboud alisema wakiwa barabarani.

"Kichwa kimoja. Aliyetii aliwamaliza maelfu."

"Rahisi hayo kuyasema ndani ya gari lenye hita. Haya, niambie, yule mkweo vipi? Bado yuwapiga simu akitukana?"

"Amenyamaza."

"Alhamdulillahi."

"Hapana, Aboud. Hujasikia mwalimu alichosema? Amenyamaza."

Mkwe huyo, mume wa binti yake Redempta, aliitwa Godlisten. Alikuwa na nyumba nzuri Oakdale, upande wa pili wa Minneapolis, na kazi nzuri ya uhandisi. Alikuwa pia na ulevi ambao watu wa kanisani hawakuuona, kwa sababu alinywa akiwa peke yake na aliongea vizuri akiwa amelewa. Majira ya baridi yaliyopita alimchukua binti yao, Careen, kutoka shule ya chekechea akiwa hivyo, na gari likateleza likaingia mtaroni. Mpita njia mmoja aliwavuta kwa mnyororo, akaenda zake. Hakukuja polisi, haikuandikwa mahali popote. Theluji ilipoyeyuka Redempta alimchukua mtoto akahamia fleti huko Eden Prairie, akafungua kesi ya talaka, akampigia baba yake simu: njoo unisaidie kulea. Baba akaja.

Kwa hiyo kitu kilichokuwa nyuma ya lango kilikuwa Careen, mwenye miaka mitano. Mahakama ndiyo ingeamua alale nyumba gani, na aingie kwenye gari la nani.

Wakili wa Redempta, mwanamke mmoja mfupi aitwaye Susan, alikuwa ametoa maagizo machache. Usiende kwake. Usizungumze naye nje ya mahakama. Usikubali kukaa na watu wake. Tunasubiri tarehe.

"Wakili wako ana akili ya mtu wa mpakani," Jairus alimwambia binti yake.

"Baba, anatoka Duluth, hapahapa Minnesota."

"Basi Duluth kuna mpaka."

Redempta akacheka, jambo ambalo halikutokea mara nyingi siku hizo. Alifanya kazi katika ofisi kubwa ya bima Golden Valley, alirudi jioni macho mekundu kwa kompyuta, na Jairus alikuwa amekwisha kumlisha mtoto na kumsimulia habari. Careen alisikia Kiswahili chote, lakini alijibu kwa Kiingereza. Alitaka kujua kama farasi wa Wachina walikuwa na majina.

Ukimya wa Godlisten uliendelea mwezi mzima, kisha ukageuka kuwa kitu kingine. Alianza kuonekana kanisani peke yake, kiti cha nyuma, amekonda. Sweta lilimning'inia. Watu walianza kusema: jamani yule kijana anaisha. Mama mmoja alimwambia Redempta mlangoni mwa kanisa, "Mwenzio anateseka, dada. Mwonee huruma." Jairus alisikia. Aliona wale askari wachache waliokaa ovyo mbele ya jeshi, na watu wakiwacheka.

Kisha simu ikalia kutoka Bukoba.

Alikuwa Eliakim, kaka yake mkubwa. Baba yao alipofariki, Eliakim aliacha shule akashika jembe ili Jairus asome darasa la tano na la sita. Tangu hapo hakuna jambo la ukoo lililoamuliwa bila yeye, na hakuna aliyewahi kumwambia hapana.

"Jairus! Unanisikia?"

"Nakusikia, kaka. Shikamoo."

"Marahaba. Mkwe amenipigia. Amelia. Mwanamume mzima amelia kwenye simu. Anaomba kikao, basi. Hataki kingine."

"Kaka, hapo ndipo pa kuangalia. Adui akilia—"

"Adui nani? Posa yake niliipokea mimi, sebuleni kwangu."

"Nisamehe, kaka. Nasema wakili amekataza asikae naye mpaka mahakama."

"Wakili ni wa ukoo gani?"

Jairus alitazama ukuta. Simu ilirudisha sauti yake mwenyewe kwa mwangwi, ikamchanganya. "Kaka, kuna vita moja ya Wachina. Walikuwa na lango. Aliyekuwa langoni aliona hatari, lakini amri ilitoka mjini kwa watu ambao—"

"Unasemaje?"

"Wachina, kaka."

Eliakim akakohoa upande wa pili wa bahari.

"Jairus. Nakuambia habari ya ndoa ya mtoto, unaniletea Wachina? Huko mnakula nini?"

Akakata. Wiki iliyofuata akapiga tena, akaulizia tarehe ya kikao kana kwamba jambo lilikwisha kukubaliwa. Jairus akasema bado wanafikiri. Akapiga mara ya tatu Jumapili, watu wengine wakisikika nyuma yake, wazee wa ukoo wamekaa naye.

"Sijawahi kusikia," Eliakim alisema polepole, "mke anaitwa kikao na wazee anakataa. Wewe umesoma kuliko sisi. Basi nakuambia kwa lugha nyepesi. Asipokwenda, mimi si kaka yako. Na siku nikifa usije kunizika."

Jairus aliweka simu mezani ikiwa bado inalia mlio wa kukatika. Redempta alikuwa amesimama mlango wa jikoni.

"Kasema nini baba mkubwa?"

"Kasema uende."

"Baba, si wewe mwenyewe ulisema nisitoke?"

"Nilisema."

"Sasa?"

Alikuwa mtu wa majibu. Darasani mkono wake ndio uliotangulia kuinuka. "Sasa ameamuru," alisema. "Tutakwenda pamoja. Utakaa, utasikiliza, tutarudi. Hutasema neno."

Hawakumwambia Susan. Redempta alisema wakili asingeelewa. Jairus alijua kwamba angeelewa sana.

Kikao kilifanyika Jumamosi mchana kwa Mzee Chacha, Oakdale, mitaa miwili kutoka kwa Godlisten. Mzee Chacha alikuwa mhasibu mstaafu, mtu wa haki. Hata waliomchukia walimwachia atunze fedha za kanisa. Palikuwa na sala, chai ya maziwa, maandazi. Watu walikuwa saba. Careen aliachwa chumbani na katuni, na sauti ya katuni ilipenya mlangoni muda wote.

Godlisten alisimama kwanza.

"Wazee wangu, mimi sina maneno mengi. Kama kuna mahali nimemkosea mwenzangu, kwa kujua au kwa kutojua, naomba anisamehe."

Akakaa. Chumba kikaguna kwa kuridhika. Mtu mmoja akasema, "Huyo ni mwanamume."

"Mama Careen," alisema Mzee Chacha, "mwenzako amejishusha. Na wewe?"

"Sina la kusema, mzee. Nimekuja kusikiliza."

"Mama, hapa si mahakamani. Hapa kila mmoja anaangusha chake chini, tunafagia, tunakwenda nyumbani. Mmoja akitoka na mikono safi, tumekaa bure."

"Mimi kosa langu ni nini?"

"Hilo unalijua mwenyewe. Hata dogo. Hata la kutafuta."

Watu wakacheka kidogo, kwa upole. Kila aliyekuwemo alijua namna mambo hayo yanavyokwenda. Anayesema nimekosa ndiye mkubwa. Akizidisha kosa lake kidogo, ni heshima zaidi, na mwenzake hulipunguza mara moja, na chai humiminwa tena. Redempta alimtazama baba yake. Ndicho kitu alichokikumbuka Jairus baadaye kuliko vyote, kwamba alimtazama yeye kwanza.

Jairus aliona lango, na njia, na mto. Aliona pia Bukoba, kaka yake kwenye kiti chake akisubiri simu. Watu wote sita walikuwa wakimtazama.

"Sema tu, mwanangu," alisema. "Tumalize."

Redempta akasimama. Akavuta kitenge mabegani, akasema kwa sauti ya mtu anayesoma shairi shuleni: "Wazee wangu, nimekosa. Nilimnyima mwenzangu mtoto. Nilikuwa na hasira, nikamfungia mlango asimwone. Naomba msamaha."

Wakapiga makofi. Mama mmoja akapiga kigelegele. Mzee Chacha akafuta macho, akasali sala ndefu, na wakati wa sala Jairus ndipo alipotambua. Redempta alitaja kosa. Godlisten hakutaja lolote. Alisema kama kuna mahali. Hakusema pombe, hakusema mtaro. Alikuwa ametoka mbele yao mikono mitupu, na wao wakamfuata mbio.

Jairus alifungua macho katikati ya sala akamtazama. Godlisten alikuwa ameinamisha kichwa, na machozi yalikuwa ya kweli. Huenda hakupanga kitu. Jairus hakuwahi kujua, wala hakuna aliyemweleza.

Eliakim alipopigiwa simu alifurahi sana, akasema, "Umeona sasa?"

Godlisten hakuja kuwatembelea kama ilivyokubaliwa kikaoni. Hakupiga simu. Baada ya Krismasi Susan ndiye aliyepiga, na Redempta alishika simu mbali na sikio. Wakili wa Godlisten alikuwa amemwita Jairus kuwa shahidi wao.

"Anauliza kikao ni nini," Redempta alisema, amefunika simu kwa kiganja. "Anauliza nani kaniruhusu. Nimwambie nini, baba?"

Jairus akaokota vitu vya kuchezea vya Careen sakafuni.

Mahakamani, katikati ya Minneapolis, walimletea mkalimani. Alimkataa. Kiingereza alikuwa nacho. Alikipata kwa jasho, na hakuona sababu ya kuazima cha mtu mwingine. Aliapa kwa Biblia kwa sauti iliyosikika mpaka mlango wa nyuma.

Wakili wa Godlisten alikuwa mwanamume mwenye sauti ndogo na adabu nyingi. Alimwuliza safari yake, afya yake. Alisifu Kiingereza chake. Jairus alimshukuru, na palepale akajilaumu kwa kushukuru.

"Mlikutana nyumbani kwa Bwana Chacha?"

"Ndiyo."

"Binti yako alilazimishwa kuja?"

Alimfikiria Eliakim. Hapakuwa na mkono wa mtu uliomshika Redempta. "Hapana."

"Alitumia neno gani? Kwa lugha yenu."

"Nimekosa."

"Lina maana gani?"

Jairus alilipima neno. Neno lilikuwa moja, na Kiingereza kilimpa mengi. Mtu akipiga mshale ukapita pembeni, amekosa. Mtu akienda sokoni akarudi bila chumvi, amekosa chumvi. Alitaka kuyasema hayo. Alianza na chumvi. Wakili akamsikiliza mpaka mwisho, akitikisa kichwa kwa heshima.

"Lakini siku ile hawakuwa wakizungumzia chumvi."

"Hapana."

"Siku ile maana yake ilikuwa kwamba amefanya kosa."

"Ndiyo, lakini—"

"Na kosa alilolitaja ni kumnyima baba mtoto wake, kwa hasira, na kumfungia mlango."

"Ndiyo."

"Je, Bwana Godlisten alitaja pombe? Kuna mtu yeyote aliyetaja pombe siku hiyo?"

"Hakuna aliyetaja."

"Asante, mzee."

Susan akasimama. Alikuwa na hasira naye bado, lakini aliificha. Akamwambia aeleze mahakama desturi ya kikao, kwa maneno yake. Jairus akaeleza. Alisimama wima akaeleza kama mtu aliyepewa darasa lake mwenyewe: kwamba nimekosa ya kikaoni ni kama kuvua viatu mlangoni, kwamba mtu hufanya hivyo awe na vumbi asiwe nalo, kwamba binti yake alisema vile ili kumheshimu mzee aliyeko mbali. Alihisi kwamba anaeleza vizuri. Hakimu, mwanamke mwenye miwani iliyofungwa kamba, aliacha kuandika akamtazama, na kwa muda mfupi Jairus aliamini kwamba wamerudi ndani ya ukuta.

"Nataka kuelewa," hakimu alisema. "Unasema alichosema mbele ya wazee hakikuwa kweli?"

Jairus akafungua mdomo.

"Yaani aliwadanganya?"

Kwenye viti vya nyuma alikuwepo Mzee Chacha, na wengine wawili wa kikao, wamekaa na kofia zao magotini. Kusema alidanganya ni kusema Redempta ni mwongo, ndani ya mahakama inayopima kama ni mkweli, huku neno lake peke yake ndilo lililobeba habari ya mtaro. Kusema hakudanganya ni kusema alimnyima. Alitazama mbele akaona wakili mwenye adabu. Akatazama nyuma akaona wazee.

"Hakudanganya," alisema. "Binti yangu hasemi uongo."

"Basi alimzuia baba asimwone mtoto."

"Alikuwa anaogopa, mheshimiwa."

"Aliyasema hayo siku ile? Kwamba aliogopa?"

"Hapana."

Hakimu akashukuru, akaandika.

Amri ilitoka Februari. Ilikuwa ya muda mpaka talaka ikamilike, lakini Susan aliwaambia wasijidanganye, mambo ya muda hukaa. Careen angeishi Oakdale. Mama angempata wikendi moja, na nyingine asimpate. Mahakama ilieleza kwamba mzazi aliyekiri kumficha mtoto hawezi kuaminiwa kumpeleka kwa mwenzake, na kwamba habari ya pombe haina ushahidi wowote zaidi ya mdomo wa mama.

Eliakim alipoambiwa aliomba arudiwe habari. Kisha akasema, "Haiwezekani. Ulisimama mwenyewe pale mahakamani. Ulisema nini, Jairus?" Akauliza tena, na tena, kwa sauti ya mtu anayeanza kuzeeka. Jairus alimjibu, "Nilijibu niliyoulizwa, kaka." Hakuweza kumwongezea lingine, na ndugu yake alikuwa analia.

Darasani hakurudi. Aboud alipita mara mbili kumchukua, akapiga honi, akapanda juu akagonga.

"Twende, mzee. Leo wafundisha habari ya ngao na mikuki. Utakaa humu utazame ukuta?"

"Nenda wewe."

"Wallahi mwalimu ameniuliza yuko wapi yule bwana wa tai."

"Mwambie ana kazi."

Ijumaa iliyotajwa katika amri Godlisten alikuja kumchukua mtoto akae kwake. Ilikuwa alasiri, jua limekwisha kushuka nyuma ya maghorofa, na barafu kwenye maegesho ilikuwa nyeusi, ya aina isiyoonekana mpaka uikanyage. Redempta alishindwa kushuka. Alimvika Careen koti, kofia, glavu, akamvua glavu akambusu vidole, akamvika tena, kisha akaingia chumbani akafunga mlango. Jairus akabeba begi.

"Babu, na wewe unakuja?" Careen aliuliza kwa Kiingereza wakiwa kwenye ngazi.

"Nitakuja."

"Utakuja na nini? Hujui kuendesha gari."

"Aboud atanileta."

Alifikiri. "Aboud hajui kwetu," alisema.

Gari lilikuwa likinguruma, moshi mweupe ukitoka nyuma. Jairus alimkalisha mtoto kiti cha nyuma, akavuta mkanda, akautafuta mlio wake wa kufunga, akaufungua, akaufunga upya. Akaingiza begi. Hapakuwa na kitu kingine cha kufanya upande ule. Akazunguka mbele ya gari, akishika boneti asiteleze, mpaka dirisha la dereva.

Kioo kilishuka upana wa kiganja.

"Shikamoo, baba," alisema Godlisten.

Jairus aliinama. Aliinama zaidi ya inavyohitajika kumwitikia mtu, mpaka paji la uso likagusa bati baridi, akavuta pumzi kwa pua. Alisikia harufu ya pipi ya minti, na hita, na ngozi ya viti. Chini ya hizo pengine palikuwa na harufu nyingine, pengine hapakuwa na kitu. Baridi ilikuwa imeziba pua yake. Akavuta tena. Macho ya Godlisten yalikuwa mekundu, lakini hata yake mwenyewe yalikuwa mekundu, na ya Redempta pia. Akawaza kupiga simu. Kwa nani, na angesema amenusa nini? Angesema subiri, mpaka lini?

Kutoka kiti cha nyuma Careen aliwatazama wote wawili, akingoja. Alikuwa ameshafundishwa kwamba mkubwa akiamkiwa huitika.

"Baba, shikamoo," Godlisten alirudia, sauti imeshuka.

"Marahaba," Jairus alisema.

Kioo kikapanda. Gari likarudi nyuma taratibu, matairi yakizunguka bure juu ya barafu kabla hayajashika, likageuka kuelekea barabara kuu. Yeye akabaki pale, mikono ameiweka mbele kidogo, kama mtu anayetaka kulisukuma.